Namna ya kuchangia msimbo kwenye OpenMRS: kutoka tiketi hadi kuunganishwa

OpenMRS ni mfumo huria wa rekodi za wagonjwa unaofunguliwa kwenye kivinjari. Ulianza mwaka 2004, kazi ya Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis na Chuo Kikuu cha Moi, na Februari 2006 ukaanza kutumika Eldoret. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Kwa hiyo mstari mmoja unaouandika leo unaweza kusomwa kesho na muuguzi wa kituo usichokijua, chenye fomu tofauti, lugha tofauti na intaneti ya kusuasua. Karibu kila jambo ambalo wakaguzi hulikataa kwenye kazi ya mgeni linatokana na hilo: msimbo unafanya kazi vizuri, ila kwenye kompyuta ya aliyeuandika tu.

Mwongozo huu unahusu zaidi sehemu ya mbele, yaani toleo la 3 ambalo wenyewe huliita O3, kwa sababu ndiko mlango ulipo mpana. Ukijua React na TypeScript kwa kiwango cha kati, unatosha. Sehemu ya nyuma imeandikwa kwa Java; tutaigusa baadaye kwa ufupi.

Tiketi kwanza, msimbo baadaye

Jisajili upate kitambulisho cha OpenMRS, kisha ingia kwenye Jira ya mradi, yaani orodha ya kazi na makosa ambapo kila moja ni tiketi. Kazi za sehemu ya mbele huanza na O3-, za kiini cha mfumo huanza na TRUNK-, na za huduma ya REST, njia ambayo sehemu ya mbele huombea data, huanza na RESTWS-. Tafuta tiketi yenye hali ya "Ready for Work". Ile iliyo "Needs Assessment" bado haijakubaliwa kuwa ni tatizo la kweli, na ukiifanyia kazi unaweza kumaliza wiki nzima halafu ukaambiwa mfumo ulikusudiwa uwe hivyo hivyo. Ukiipata inayokufaa, ichukue rasmi ili jina lako lionekane. Usichukue tano kwa mpigo. Tiketi iliyokaa miezi chini ya jina la mtu aliyepotea ni kero kwa wote, na wasimamizi huinyang'anya.

Kabla ya kuandika chochote, rudia kosa lenyewe kwenye seva ya majaribio, dev3.openmrs.org. Ingia kwa jina admin na nenosiri Admin123, ambayo yako wazi kwa kila mtu. Kwa sababu hiyo hiyo usiingize humo taarifa za mgonjwa wa kweli hata mmoja, hata kama ni "kujaribu tu". Kosa likikataa kujirudia, andika hivyo kwenye tiketi, ueleze hatua ulizopitia. Huo nao ni mchango, na mara nyingine ndio unaoifunga tiketi.

Kuandaa kompyuta

O3 haikai kwenye ghala (repository) moja. Faili la mgonjwa liko openmrs-esm-patient-chart, usajili na foleni viko openmrs-esm-patient-management, na mhimili wa vyote uko openmrs-esm-core. Kila ghala lina folda ya packages, na ndani yake kila kipande cha skrini ni pakiti yake.

Kama hujui kipande unachokitazama kinatoka pakiti ipi, usikisie. Baada ya kuingia kwenye mfumo fungua "Implementer Tools", kisha uwashe UI Editor. Majina ya vipande na ya nafasi vinapochomekwa yatajitokeza juu ya skrini. Dakika mbili za hapa huokoa siku nzima ya kutafuta kwenye ghala lisilohusika.

Ukishajua ghala, lifungue GitHub, bofya Fork upate nakala yako, kisha:

```
git clone --filter=blob:none https://github.com/JINALAKO/openmrs-esm-patient-chart.git
cd openmrs-esm-patient-chart
git remote add upstream https://github.com/openmrs/openmrs-esm-patient-chart.git
yarn
```

Ile `--filter=blob:none` ni kwa ajili ya wanaonunua bando. Inakuletea historia ya mradi bila yaliyomo kwenye matoleo ya zamani ya kila faili. Yatashushwa pale tu yatakapohitajika. Amri ya `yarn` ndiyo inayokula data zaidi, mamia ya megabaiti, kwa hiyo iendeshe mahali penye Wi-Fi. Ukija kuchukua ghala la pili la O3 baadaye mzigo utapungua, kwa kuwa Yarn hutunza pakiti ilizokwisha kushusha.

Yarn ikilalamika kuhusu toleo lake, endesha `corepack enable` kisha urudie. Ikilalamika kuhusu Node, tazama package.json ya ghala uone toleo linalotakiwa. Usilazimishe toleo la zamani lililokuwa kwenye mashine.

Watumiaji wa Windows wana mitego yao. Ukifanya kazi kupitia WSL, weka ghala ndani ya folda za Linux zenyewe, si chini ya `/mnt/c`. Huko kila kitu huenda kwa mwendo wa kobe, na mara nyingi mabadiliko ya faili hayatambuliwi, hivyo unahifadhi na skrini haibadiliki. Nje ya WSL, weka `git config core.autocrlf input`, la sivyo miisho ya mistari itageuzwa na utaonekana umebadilisha faili ambazo hata hukuzigusa.

Sasa washa pakiti unayotaka kuifanyia kazi. Tuseme ni ile ya vipimo vya mgonjwa, yaani presha, uzito, joto:

```
yarn start --sources 'packages/esm-patient-vitals-app'
```

Kwenye cmd ya Windows tumia alama za nukuu mbili badala ya moja. Kisha fungua http://localhost:8080/openmrs/spa. Pakiti uliyoitaja inatoka kwenye mashine yako. Data pamoja na pakiti nyingine zote zinatoka kwenye seva ya majaribio. Huhitaji kusimika Java wala hifadhidata, na ndiyo sababu tunawashauri wageni waanzie sehemu ya mbele. Lakini bila intaneti hutafika popote, na siku seva ya majaribio ikilala nawe unalala. Mwenye seva yake mwenyewe anaweza kuielekeza huko kwa kuongeza `--backend` na anwani.

Ukibadilisha neno kwenye msimbo na skrini ikabaki vilevile, kwanza tazama anwani juu ya kivinjari. Mara nyingi mtu anakuwa bado yuko dev3, siyo localhost. Pili, hakikisha kipande hicho ni cha pakiti uliyoitaja kwenye `--sources`. Ukitaka mbili kwa pamoja, rudia `--sources` mara mbili.

Kuandika badiliko lenyewe

Tengeneza tawi jipya kutoka kwenye main iliyo safi:

```
git fetch upstream
git checkout -b O3-1234 upstream/main
```

Usifanye kazi kwenye main ya nakala yako. Ombi la kwanza likikawia kukaguliwa, la pili litabeba mabadiliko ya la kwanza, na kuyatenganisha ni kazi ya kutoa mchanga kwenye mchele.

Tuje kwenye yale yanayorudishwa na wakaguzi mara kwa mara.

La kwanza ni vitambulisho vya dhana. Kwenye OpenMRS kila kinachopimwa ni dhana yenye kitambulisho cha herufi 36. Katika CIEL, kamusi ya dhana za tiba, 5085 ni namba ya juu ya presha (systolic), 5089 ni uzito, 5090 ni urefu, na kitambulisho kamili ni namba hiyo ikifuatiwa na msururu wa herufi A. Mgeni huona kitambulisho hicho kwenye seva ya majaribio, akakinakili ndani ya kijenzi cha React, na kwake kinafanya kazi. Hospitali yenye kamusi yake haitaona kitu. Mahali pake ni faili la config-schema la pakiti:

```
systolicBloodPressureUuid: {
  _type: Type.ConceptUuid,
  _default: '5085AAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAA',
},
```

Kisha ndani ya kijenzi unakisoma kwa `useConfig`. Kituo chochote sasa kinaweza kuweka chake bila kugusa msimbo. Kabla hujatuma, fungua tena Implementer Tools, badilisha thamani hapo kwa muda, utazame kama skrini inafuata. Kanuni hii haiishii kwenye dhana. Inahusu pia aina za ziara, za vitambulisho vya wagonjwa, majina ya vitengo na chochote ambacho wizara au hospitali hujiamulia.

La pili ni orodha zinazokatika kimyakimya. Huduma ya REST, isipoambiwa vingine, hurudisha matokeo 50, na ina kikomo usichoweza kukivuka hata ukiomba zaidi. Kwenye seva ya majaribio mgonjwa wako ana vipimo 12, kwa hiyo hutaona tatizo. Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya VVU kwa miaka 15 atapoteza nusu ya historia yake bila ujumbe wowote wa kosa. Tumia `useOpenmrsPagination` pale skrini inapoonyesha kurasa, na `useOpenmrsFetchAll` pale unapohitaji vyote kweli. Ukiwa hapo, epuka `v=full`. Omba sehemu unazozihitaji tu, mfano `v=custom:(uuid,display,obsDatetime)`. Tofauti huioni ofisini. Inaonekana kwenye kituo chenye modemu moja.

La tatu ni maneno ya skrini, na hapa msomaji wa Kiswahili ana jicho kuliko wengi. Kila neno analoliona mtumiaji lipite kwenye `t`, ufunguo kwanza kisha maandishi ya Kiingereza:

```
t('newPatient', 'New patient')
```

Usiunge sentensi vipandevipande, kama `t('new', 'New') + ' ' + jina`. Kwa Kiingereza inapita. Kwa Kiswahili "new" itakuwa nini? Mgonjwa ni mpya, jina ni jipya, kipimo ni kipya. Mfasiri hawezi kushinda mtego huo kwa neno moja. Mpe kirai kizima. Kwa idadi, acha i18next, maktaba ya tafsiri, ichague umoja au wingi kwa `count`. Usiongeze herufi s mwishoni mwa neno kwa mkono.

Maneno hayo hukusanywa na programu inayosoma msimbo, hivyo ufunguo uliofichwa ndani ya kigezo, mfano `t(kichwa)`, hauonekani. Ukilazimika kufanya hivyo, andika maoni juu yake yenye `t('ufunguo', 'Maandishi')` ili yaokotwe. Faili unayoruhusiwa kuibadilisha ni en.json peke yake, nayo hujazwa na `yarn turbo run extract-translations`. Lugha nyingine zote, Kiswahili kikiwemo, hupitia Transifex, tovuti ya kutafsiria; ukiandika moja kwa moja kwenye faili zake, kazi yako itafutwa mara tafsiri zitakapolinganishwa. Ukitaka Kiswahili cha mfumo kisomeke vizuri, jisajili Transifex. Ni mchango unaojitegemea, na wajuzi wa lugha na tiba kwa pamoja ni adimu kuliko waandishi wa msimbo.

Tarehe nazo zina jambo. Usizipange mwenyewe kwa siku, mwezi na mwaka. Tumia `formatDate` ya mfumo. Ethiopia wana kalenda yao, na `formatDate` inaijua. Kadhalika wagonjwa wengi hawajui tarehe yao ya kuzaliwa, na mfumo una alama ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Skrini inayoonyesha "01-Jan-1960" kana kwamba ni hakika inamdanganya daktari.

Kwa mwonekano, mradi unatumia vijenzi vya Carbon vya IBM. Badala ya kuandika 16px, tumia kipimo chake, `layout.$spacing-05`. Ukijiona unatengeneza kitufe chako kipya, simama; kipo tayari.

Majaribio kabla ya kutuma

Jaribio zuri la kurekebisha kosa ni lile linaloshindwa bila marekebisho yako na kufaulu yakiwepo. Ondoa badiliko lako kwa muda uhakikishe limeshindwa kweli. Endesha majaribio ya pakiti moja tu, usichemshe mashine:

```
yarn turbo run test --filter=@openmrs/esm-patient-vitals-app
```

Yakimalizika kwa kupepesa jicho, Turbo, chombo kinachoendesha majaribio, huenda imekupa matokeo ya zamani iliyoyatunza. Ongeza `--force` ukiwa na shaka. Mwishoni endesha `yarn verify`, inayopitia kanuni za uandishi, aina za TypeScript na majaribio yote. Ikikukatalia hapa, itakukatalia na kule, tena mbele za watu.

Kisha soma `git diff upstream/main` yako mstari kwa mstari, kama vile ni ya mtu mwingine. Unatafuta `console.log` iliyosahaulika, faili zilizopangwa upya na kihariri chako ilhali hukuzikusudia, na yarn.lock iliyobadilika ingawa hukuongeza pakiti yoyote. Kwa la mwisho:

```
git checkout upstream/main -- yarn.lock
yarn
```

Dawa hiyo hiyo inafaa pale yarn.lock inapogongana wakati wa kuunganisha main mpya. Usijaribu kuitatua kwa mkono.

Kufungua ombi la kuunganisha

Sukuma tawi lako na ufungue ombi, lile ambalo wengi huliita PR. Kichwa kina muundo wake:

```
(fix) O3-1234: Show all vitals for patients with more than 50 encounters
```

Ndani ya mabano ni aina ya badiliko: feat kwa kipya, fix kwa marekebisho, na vilevile chore, docs, test, refactor. BREAKING ni kwa badiliko litakalovunja usanidi wa waliokwisha kusimika mfumo, na usilitumie bila kushauriana. Usione muundo huu ni urasimu. Maombi hubanwa kuwa komiti (commit) moja yanapounganishwa, na kichwa chako ndicho kinachobaki kwenye historia. Kwa hiyo huna haja ya kung'arisha komiti ndogondogo za ndani.

Kwenye maelezo, andika tatizo lilikuwa nini, umelitatuaje, na mkaguzi apite wapi ili alione. Weka picha ya skrini ya kabla na ya baada. Kama ni mtiririko wa hatua kadhaa, rekodi video fupi. Ombi la badiliko la skrini lisilo na picha hukaa chini ya foleni, na si kwa ubaya: mkaguzi mwenye maombi 30 ataanza na lile analoweza kulielewa bila kuwasha mashine. Hakikisha picha hazina taarifa za mgonjwa halisi.

Ukubwa ni nusu ya vita. Mistari 60 husomwa wakati wa chai. Mistari 900 husubiri mtu apate siku nzima, na siku hiyo haiji. Ukikuta njiani msimbo mbovu usiohusiana na tiketi yako, uache, ufungulie tiketi nyingine.

Usishtuke majaribio ya GitHub yasipoanza. Kwa mchangiaji wa mara ya kwanza, msimamizi hulazimika kuyaruhusu kwa kubofya. Yakishaanza na mojawapo likawa jekundu, fungua kumbukumbu zake usome kosa la kwanza kutoka juu. Yaliyo chini mara nyingi ni matokeo yake tu.

Maoni yakija, yajibu yote, hata kwa neno moja. Ongeza komiti mpya juu ya zile za mwanzo, usiandike upya historia kwa `push --force`, maana mkaguzi hupoteza alama ya alipoishia. Usipokubaliana, toa sababu. Wakaguzi nao hukosea, hasa kuhusu mazingira ya kituo ambacho wewe umekifanyia kazi. Kimya kikizidi wiki hivi, andika ujumbe mmoja wa heshima kwenye ombi lenyewe. Kumfuata mtu faraghani kila siku kunachelewesha zaidi.

Kama tiketi ni ya sehemu ya nyuma

Ghala ni openmrs-core, lugha ni Java, na kipimo cha kwanza ni `mvn clean package` kumalizika bila kosa. Mambo mawili huwaumiza wageni zaidi.

Rekodi za tiba hazifutwi. Zinawekwa alama ya voided, pamoja na nani aliyeziondoa, lini na kwa sababu gani. Vitu vya usanidi huwekwa retired. Ukiandika swali la hifadhidata ukasahau kuchuja voided, utarudisha dawa iliyofutwa na daktari kana kwamba mgonjwa bado anaitumia.

Pili, mabadiliko ya muundo wa hifadhidata hupitia chombo kiitwacho Liquibase, nacho hukumbuka alama ya kila badiliko ililokwisha kulitekeleza. Ukirekebisha badiliko la zamani, hata kwa kusahihisha herufi moja, alama haitalingana na seva zilizokwisha kulipitia zitagoma kuwaka. Kwako itawaka, kwa sababu hifadhidata yako ni mpya. Andika badiliko jipya mwishoni, lenye kitambulisho chenye namba ya tiketi, na uliwekee sharti la awali ili lirukwe pale ambapo safu au jedwali tayari lipo.

Baada ya kuunganishwa

Badiliko la O3 likiunganishwa, toleo la majaribio (pre-release) hujengwa lenyewe na baadaye huonekana dev3. Nenda ukalitazame pale, kwa data ya pale, siyo ya kwako. Likiwa sawa, iweke tiketi katika hali ya kumalizika na uache kiungo cha ombi. Hospitali hazitalipata siku hiyo. Kila usambazaji, KenyaEMR na UgandaEMR zikiwemo, huchagua wakati wake wa kupandisha toleo. Kama marekebisho ni ya haraka kwa kituo unachokihudumia, zungumza na wanaotunza usambazaji wenu, uwape namba ya toleo lililobeba badiliko lako, ili wajue ni pakiti ipi ya kuipandisha bila kugusa nyingine.